Inhela haimzoeshi mtoto

Jumamosi iliyopita nilikuwa Tanga kwenye arobaini ya jirani yetu wa zamani. Pilau ilikuwa jikoni kwa kuni, moshi umetanda uani, na binti wa miaka kama minane ameketi mkekani, mabega yakipanda na kushuka, kishimo cha koo kikizama kila anapovuta pumzi. Mimi nina pumu tangu darasa la tatu. Hali ile naitambua kabla sijasikia mlio wa filimbi kifuani. Mama yake akatoa inhela ya bluu, kile kidude cha kuvutia dawa ya pumu mdomoni, kwenye pochi. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchele akamwambia, tena kwa upole: "Mwanangu, usimzoeshe mtoto kidude hicho. Akishazoea, ndiyo basi tena."

Yule mama akairudisha kwenye pochi.

Wiki nzima sijatulia. Maneno hayo ndiyo niliyokulia. Kwetu inhela ilikaa nyuma ya vyombo kabatini, ikitolewa usiku wa manane nikiwa siwezi tena kutamka neno zima, na asubuhi yake ningesikia mtu akisema "jitahidi ukae bila kuitumia". Nilijitahidi. Nilikuwa nakaa kitandani nimeegemea ukuta nahesabu pumzi, nikiamini kwamba kuvumilia ndiyo kupona.

Hakuna aliyeniambia habari ya vipokezi. Laiti ningeambiwa nikiwa na miaka tisa!

Mirija ya hewa imezungukwa na misuli, na kila seli ya misuli hiyo ina protini zilizopenya utando wake: upande mmoja uko nje, upande wa pili uko ndani. Kemikali inayolingana nazo ikinasa nje, protini inajipinda na habari inafika ndani. Protini hizo ndizo vipokezi. Kinachohusika na inhela ya bluu kinaitwa beta-2, na hakikuletwa na kiwanda chochote cha dawa. Binti yule alizaliwa nacho, kwa ajili ya adrenalini yake mwenyewe. Akikurupushwa na mbwa, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu, inafika kifuani, inanasa kwenye beta-2, misuli inalegea, njia inapanuka ili akimbie. Salbutamoli ya kwenye inhela imeundwa ifanane na adrenalini kiasi cha kukaa mahali palepale. Ndani ya dakika chache misuli inaachia. Baada ya saa nne hadi sita dawa imekwisha nguvu, na kipokezi kiko palepale kilipokuwa.

Sasa niambieni, nani amewahi kumkataza mtoto asizoee adrenalini yake?

Mikono inatetemeka baada ya kuvuta, ni kweli, na moyo unaenda mbio. Watu wakiona hivyo wanasema dawa imemwingia mwilini kama ulevi. Sababu ni kwamba beta-2 ziko hata kwenye misuli ya mikono, na baadhi ziko moyoni. Hupita.

Kuna jambo moja nitalikubali, kwa shingo upande, kwa kuwa ni la kweli. Seli ikipigiwa kelele kutwa kucha hupunguza masikio yake. Huvitia vipokezi alama, huvivuta ndani, na dawa ileile hupata pa kunasa pachache. Wanasayansi Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walipata Nobel ya Kemia mwaka 2012 kwa kazi yao juu ya jamii hii ya vipokezi, na beta-2 ndicho walichokichimba kwa miaka mingi. Kwa hiyo anayevuta ya bluu kila siku, mwezi baada ya mwezi, anaweza kuona haimsaidii kama zamani. Lakini jiulizeni kwa nini anaihitaji kila siku. Ni kwa sababu mirija imevimba kwa ndani, na ya bluu hailegezi uvimbe, inalegeza misuli tu. Uvimbe una dawa yake, inhela ya steroidi. Hiyo kipokezi chake kimo ndani ya seli kabisa. Dawa ikishanasa, viwili hivyo huingia kwenye kiini na kuzima jeni za uvimbe. Na humohumo seli huamriwa itengeneze beta-2 zaidi. Inarudisha masikio! Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unasema vijana na watu wazima wasitibiwe kwa ya bluu peke yake. Wenye hofu ya kuzoea wameona alama ya kweli, kisha wakaisoma kinyume: mtoto anayemaliza ya bluu haraka anahitaji dawa ya pili, hahitaji kunyimwa ya kwanza.

Shirika la Afya Duniani linasema pumu iliua watu 455,000 mwaka 2019, wengi wao katika nchi za kipato kama chetu. Bei inauma, najua. Siyo kila duka la dawa lina ya steroidi, hilo nalo najua. Ila ile ya Tanga ilikuwa imeshanunuliwa, iko kwenye pochi.

Nilisogea. "Bibi, shikamoo. Na mimi ni mgonjwa wa kifua, niruhusu nimsaidie mama." Tukatoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, tukachomeka inhela, binti akavutia mdomoni mwa chupa, mpulizo mmoja mmoja, akipumua taratibu. Tukasubiri. Mabega yakaanza kushuka. Wakati tunasubiri nilimweleza bibi habari ya beta-2, na yeye akanitolea kikaratasi cha vidonge vyake vya presha, atenololi, akauliza vyake vinakaa wapi. Nikamwambia vinakalia beta-1, kipokezi ndugu wa beta-2, kule moyoni, na vinaizuia adrenalini isikae. Dawa za aina hiyo zinaweza kuziba hata beta-2 ya kifuani, ndiyo maana mwenye pumu hapewi ovyo.

Akanyamaza kidogo, akamtazama binti. Kisha akasimama akawaita vijana, akawaamuru wahamishie mafiga upande wa pili wa nyumba, upepo unakoelekea.