Mwanasayansi wa Mama Mkwe

Kwetu Tanga, mkwe mwenye adabu hufunga mdomo mbele ya mama mkwe. Mimi nilioa Norfolk, Uingereza, adabu nikaiacha uwanja wa ndege, na haya ndiyo yaliyonikuta.

Mama mkwe alikuwa anakaribia kutimiza miaka 70. Akanipa jina la babu wa babu yake, tumwite William Clark, akasema ndugu wote wameshindwa kumfuatilia. Nikamwambia, "Mama, niachie mimi." Mtu niliyelelewa kwa kuhesabu nasaba mdomoni, fulani bin fulani mpaka vizazi saba, nishindwe na mzee ambaye serikali yenyewe imemwandika?

Nikaanza na sensa ya tarehe 6 Juni 1841, na siku ileile nikampata. William, miaka 20, kazi yake: "Ag. Lab." Nikasoma taratibu. Ag, kilimo. Lab, maabara. Loo, mzee alikuwa mtafiti wa maabara ya kilimo! Niliona kwamba karibu wanaume wote wa kijiji kile, nyumba hata nyumba, walikuwa wa maabara hiyohiyo. Nikasema basi ilikuwa taasisi kubwa.

Umri haukunisumbua. Makarani wa 1841 waliagizwa umri wa waliozidi miaka 15 waushushe hadi tano iliyo chini yake, kwa hiyo 20 yaweza kuwa chochote kuanzia 20 hadi 24. Sensa ya 1851 ikampa miaka 31, hesabu ikakubali. Na sensa hiyo ndiyo tamu, maana inataja parokia ya kuzaliwa, hali ya ndoa, na kila mtu ni nani kwa mkuu wa kaya. Mkewe Sarah yupo, na watoto watatu.

1861 ndipo aliponitoroka. Sarah kaandikwa mkuu wa kaya, "ameolewa", mume hayupo. Usiku uleule wa sensa, 7 Aprili, mji wa jirani, kuna William Clark wa miaka 40 na mke anaitwa Eliza. Parokia ya kuzaliwa ilikuwa nyingine, lakini nikasema karani kakosea. (Mtafuta mababu akishaanza kusema karani kakosea, mnyang'anyeni kalamu.)

Nikaagiza cheti cha ndoa ya huyu wa Eliza. Faharasa za ndoa za kabla ya 1912 hazikutajii mwenza. Unachukua mwaka, robo ya mwaka, wilaya, juzuu na ukurasa, halafu unamsaka mwanamke mwenye juzuu na ukurasa huohuo. Tatizo ni kwamba ukurasa mmoja unabeba ndoa zaidi ya moja, ukizubaa unawaoza watu ambao hata salamu hawakupeana. Eliza alikuwa anaingia vizuri. Nikalipa, nikangoja. Cheti kikachelewa, sherehe ya miaka 70 haikungoja.

Nilikuwa nimechapisha mti wa ukoo, urefu mita moja na nusu, ndani ya fremu. Nikasimama. "Babu yetu alikuwa mwanasayansi wa kilimo!" Makofi. Makofi yakanipa kichwa. "Na alikuwa na wake wawili, mmoja kijijini, mmoja mjini!"

Kwetu swali lingekuwa kama aliwatendea haki. Pale vijiko vilisimama hewani. Shemeji yangu, mpole kuliko wote, akanieleza mambo mawili kwa sauti ya kumwambia mgonjwa habari zake. Kwanza, "Ag. Lab." ni kifupisho cha makarani, maana yake kibarua wa shamba. Pili, wake wawili huku ni jinai. Sheria ya 1861 iliweka kifungo cha hadi miaka 7. Keki haijakatwa, na mzee ameshatoka maabara kaingia mahakamani.

Jumanne cheti kikafika. Umri: "mtu mzima", yaani amefikisha 21, basi. Hali: kapera. Baba yake: fundi viatu. Cheti cha Sarah, ambacho mama mkwe alikuwa nacho kabatini miaka yote, kinasema baba wa bwana harusi ni kibarua, tena jina lingine kabisa. Nikarudi 1851, jambo ambalo ningelifanya mwanzo nisingepata aibu. Wapo wote wawili, usiku mmoja wa 30 Machi, kila mmoja kwake. Mtu mmoja hawezi kulala nyumba mbili.

Sasa wetu yuko wapi? Sarah hakuandikwa mjane, kwa hiyo mume alikuwa hai mahali. Nikaacha nafasi ya jina wazi, nikatafuta kwa umri na parokia tu. Akatokea. Jela na hospitali za wagonjwa wa akili baadhi ziliwaandika watu wao kwa herufi za kwanza, na jela ya kaunti ilikuwa na mtu wa miaka 41, ameoa, kibarua wa shamba, mzaliwa wa kijiji kilekile. Jina: W. C.

Miezi minne namsaka mzee, namkuta kaandikwa kama mlango wa choo.

Herufi mbili si ushahidi, na safari hii nilishaungua ulimi. Nikaenda hifadhi ya nyaraka ya kaunti, nikaomba orodha za wafungwa wa mahakama iliyokaa kila robo mwaka. Huyo hapo, jina kamili. Kuku wawili. Miezi mitatu.

Nilimpelekea mama mkwe karatasi kwa mikono miwili, macho chini. Akaisoma, akaikunja, hakusema kitu. Jumapili akatuita chakula cha mchana. Alikuwa ameoka kuku. Akaniwekea paja, akaniinamia sikioni.

"Huyu," akasema, "nimemnunua."