Jirani, Piano na Kitenzi cha Mwisho

Mjerumani akishatamka weil (kwa sababu), dass (kwamba), wenn (ikiwa), obwohl (ingawa) au ob (iwapo), kitenzi kinafukuzwa mpaka mwisho wa sentensi. Njiani atapitisha siku, saa na ukoo wake mzima, wewe umeshika nani na nini, ila kinachofanyika hukijui. Na sisi ndio watu wa kusema "sitakuja": kwa ile "si" tu mwenyeji keshajua asikuwekee ubwabwa.

Basi jirani yangu hapa Leipzig, bibi mmoja mpole, akanisimamisha kwenye ngazi. "Ich wollte fragen, ob Sie am Samstag um zehn mit uns das Klavier meiner Schwester…" Nikadaka: Jumamosi, saa nne asubuhi, pamoja nasi, piano ya dada yake. Shughuli hiyo! Malezi ya Tanga hayaruhusu mtu mzima akubembeleze, kwa hiyo nikamkatiza: "Ja, gerne!" Ndiyo, kwa furaha! Mkia wa sentensi, "…hinuntertragen könnten", ulinikuta nimeshageuka. Nikaupokea kwa tabasamu la mtu aliyekaribishwa pilau.

Jumamosi nikapiga pasi shati jeupe, nikavaa viatu vya ngozi, nikajipulizia manukato, nikabeba na boksi la chokoleti. Mlango ukafunguliwa na vijana wawili wa bibi, wamevaa glavu, mikanda ya kubebea mizigo mabegani. Wao wakatazama viatu vyangu, mimi nikatazama piano. Hinuntertragen: kubeba na kuteremsha. Kutoka ghorofa ya nne, nyumba ya zamani isiyo na lifti, mzigo wa kilo 200 na ushee. Chokoleti bibi alizipokea kwa furaha, akasema tutazila tukimaliza.

Nikawekwa upande wa chini, eti ndiye kijana zaidi. Aliyekuwa juu akitoa maelekezo alikuwa mtu muungwana, na sarufi yake safi kabisa; hapo ndipo balaa lilipoanzia. Tumefika kona ya ghorofa ya tatu, piano imenilalia kifuani, akaanza: "Sieh zu, dass du den Gurt an der Ecke auf keinen Fall…"

Mkanda. Kwenye kona. Kamwe. Kamwe nisifanye nini sasa? Nisiukaze? Nisiuachie? Nikasubiri kitenzi, jasho linaingia machoni. Mikono haikusubiri.

"…loslässt," akamalizia. Kuachia.

Piano ikashuka vidato viwili peke yake, ikajigonga ukutani, nyuzi zote zikalia kwa pamoja. Kidole cha yule muungwana kikabanwa. Ndipo nikasikia Kijerumani ambacho mwalimu wetu hakuwahi kutugusia kwa sauti ile: "Halt! Schieb! Zieh! Hilf mir doch!" Simama! Sukuma! Vuta! Nisaidie basi! Vitenzi vyote mbele, kimoja baada ya kingine! Kumbe alikuwa navyo mdomoni muda wote, akavibania tu kwa adabu.

Tukaikwamua kidogo, ikagoma kabisa kukata kona. Bibi akatuletea barafu ya kidole na zile chokoleti, tukazila tumekaa kwenye ngazi, huku mpangaji wa juu akipita kiubavu na baiskeli yake bila kutusalimia. Jumapili huku watu hawataki kelele, kwa hiyo piano ililala palepale mpaka Jumatatu, wakaja wabebaji wa kulipwa. Mabwana wanne wanene, wakaishusha kwa dakika chache bila kutamka hata "weil" moja.