Mama wa Intaneti

Sauti ya kwanza kutufikia kutoka kwenye intaneti ilikuwa ya mama mmoja mwenye hasira zake, akitaka kujua sisi ni wahuni wa wapi. Nasema "kutoka kwenye intaneti" kwa sababu hivyo ndivyo Bibi alivyoamini, na hakuna aliyewahi kufanikiwa kumtoa hapo.

Ilikuwa mwaka 1999. Kompyuta ilikuwa na Windows 98, na ndani yake mjomba alikuwa amekuja kufunga modemu, ile kadi inayoiwezesha mashine kuongea kwenye laini ya simu. Boksi la modemu liliandikwa 56K kwa herufi kubwa kuliko kitu kingine chochote juu yake. Baba akauliza hiyo 56K ndiyo nini. Mjomba akasema ni biti elfu hamsini na sita kwa sekunde. Baba akauliza biti ni nini. Mjomba akasema tusipoteze muda.

Huyu mjomba ndiye fundi wa ukoo. Hakuna aliyemteua, na vitu alivyowahi kutengeneza vingi vilizikwa. Ila ana kitu kimoja ambacho mafundi wa kweli hawana: hababaiki. Alifungua kasha la kompyuta, akachomeka kadi, akabakiwa na skrubu mbili mkononi, akazitia mfukoni bila kuzitazama.

Kwa nyuma kadi ina matundu mawili pacha. Moja lina kijipicha cha tundu la ukutani, jingine kijipicha cha simu. Mjomba akachomeka waya, akachomoa, akachomeka kwenye lile jingine, akarudi kwenye la kwanza, huku akituambia anaipima. Kisha tukaanza safari ya Windows 98, ambayo kila ukigusa kitu inataka izimwe na kuwashwa upya. Ikataka diski ya modemu, tukaipa. Ikataka sidii yake yenyewe, ambayo ilikuwa imeshapotea, ikatafutwa nyumba nzima na kuonekana chini ya redio. Ikala, ikashiba, ikataka izimwe na kuwashwa upya.

Sasa ikabaki namba. Asubuhi ile Baba alikuwa amepiga simu kwenye kampuni ya intaneti, wakamsomea namba ya kupiga, jina la mtumiaji na neno la siri, naye akayaandika yote nyuma ya bahasha. Lazima niuelezee mwandiko wa Baba. Moja yake ina kofia juu na kiatu chini. Saba yake ina kofia lakini haina kiatu. Tofauti yote iko kwenye kiatu, na kalamu ya siku ile ilikuwa inakwama.

Mjomba akaisoma bahasha, akaandika namba, na mbele yake akaweka koma. Akasema modemu ikifika kwenye koma inatua sekunde mbili kabla ya kuendelea. Baadaye sana nilikuja kuthibitisha kuwa ni kweli kabisa, na nilisikitika kidogo, maana nilikuwa nimeshaifanya koma ile kuwa ushahidi wangu mkuu dhidi yake. Halafu akaiamuru Windows kwamba simu isipopokelewa, ipige tena yenyewe bila kuuliza. Hilo likumbuke.

Akabofya.

Modemu ina kispika kidogo, na hukiacha wazi mpaka mashine mbili zikubaliane. Kazi yake hasa ni kumsaidia mwenye kompyuta ajue kinachoendelea kule: kama laini ina shughuli, kama imekufa, au kama amepokea binadamu. Tukasikia mlio wa laini. Tukasikia namba zikibonyezwa haraka haraka. Simu ikaanza kuita upande wa pili. Mjomba akainua kidole: "Sasa mtasikia mashine inapokea."

"Haloo?" ikasema kompyuta.

Baba akasimama, akafunga kifungo cha shati.

"Haloo? Nani mwenzangu?" ikauliza kompyuta.

"Ni mfumo," mjomba akasema. "Unakaribisha wateja."

Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, na mambo ya kukosa adabu hayavumilii. "Sasa mbona hamumwitikii? Mtu anaita, nyie mnamkodolea macho!" Akaisogelea skrini na kupaza sauti: "Haloo mama! Tupo! Hatujambo!"

Bahati mbaya modemu ina spika tu, haina maiki. Na kuna jambo jingine ambalo wakati ule sikulijua. Watu wengi hudhani zile kelele za intaneti ya simu huanzishwa na modemu inayopiga. La hasha. Inayopiga kwa kawaida hukaa kimya kusubiri. Inayopokea ndiyo huanza, kwa mlio mwembamba wa hezi 2100, ambao pia huziambia mashine za kampuni ya simu zizime vidhibiti vyake vya mwangwi. Zogo lenyewe hufuata baada ya hapo. Sasa mtu akipokea badala ya mashine, mlio hautoki, na modemu yako inakaa kwenye laini ikisikiliza kwa uvumilivu mkubwa, kama dakika nzima, bila kusema neno. Yaani kwa yule mama, kuna mtu amempigia simu usiku, kanyamaza, na hakati.

"Nakusikia unavyopumua!" kompyuta ikafoka.

Hakuna aliyekuwa anapumua kule. Ilikuwa kadi ya saketi.

Ikakatika. Skrini ikaleta kosa namba 678, kwamba kompyuta unayoipigia haijibu. Mjomba akatutafsiria kwa sauti. Bibi akashangaa: "Haijibu vipi? Si ameita haloo haloo mpaka amechoka? Wasiojibu ni nyie!"

Sijawahi kusikia maelezo bora ya kosa namba 678, na nimesoma vitabu.

Kumbuka sasa ile amri ya kupiga tena. Kabla hatujakubaliana la kufanya, modemu ikapiga. Safari hii mama alipokea akiwa tayari. Alisema anatufahamu. Alisema ana kaka zake. Mjomba akatangaza kuwa tatizo ni njia ya mawasiliano, akaihamisha modemu kutoka COM3 kwenda COM4, Windows ikaomba izimwe na kuwashwa upya, na mama yule akapata mapumziko marefu kidogo jioni ile. Akapigiwa tena.

"Wewe kijana," kompyuta ikasema, safari hii taratibu, na upole wenyewe ndio uliotutisha, "kama unamtaka binti yangu, njoo mlangoni na wazee wako. Mambo ya kupiga simu na kunyamaza ni ya kitoto."

Mama akanigeukia. Baba akanigeukia. Mimi nilikuwa nimeshika tochi tu, kumulika nyuma ya kompyuta. Nilitazamwa mpaka nikaanza kujiuliza kama kweli huyo binti simfahamu.

Aliyelimaliza ni Bibi. Aliinuka bila kuaga, akaenda kwenye korido ambako simu yenyewe ilikuwa imewekwa. Iko kwenye laini ileile, kwa hiyo alipoinua mkono wa simu akajikuta katikati ya shauri. Sisi tukawa tunamsikia mara mbili, kwa sikio kutoka korido na kwa kispika cha modemu.

"Haloo mama, usikate. Huku kuna watu wazima."

"Kumbe mnaongea! Ndio nyie mnanipigia tangu jioni?"

"Si sisi, mwenzangu. Ni kompyuta."

"Kompyuta ya nani?"

"Ya mwanangu. Inamtafuta intaneti."

Kimya kidogo.

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo," akasema yule mama. "Labda wapangaji waliotangulia."

Hapo modemu ikakata tamaa, kispika kikazima, na mazungumzo yaliyobaki tukayasikia upande mmoja. Mjomba akiwa ameshika kipanya tayari kwa kazi, sisi tukiwa tumesimama wima, tulisikiliza: "Ehee… Wewe!… Na wote wanaishi hapohapo?… Pole, mwenzangu… Magoti hayo hayana dawa, mimi mwenyewe…" Muda ukaenda. Baba alikohoa. Mjomba akaenda kusimama mlangoni pa korido ili aonekane amesimama. Bibi akamgeuzia mgongo, akavuta kigoda.

Mwishoni kabisa, kama jambo dogo la kuagana, Bibi akaagiza bahasha. Akawekewa mbele, akamsomea mama namba ya intaneti tarakimu baada ya tarakimu, naye mama kule akathibitisha kila moja mpaka wakafika ya mwisho. Bibi akaisogeza bahasha kwenye taa. "Wewe ni saba? Hapa mimi naona moja. Ina kiatu."

Mjomba alisema mwandiko ni mbaya. Baba alisema kusoma ni kubaya. Suala hilo bado liko wazi, na kwenye shughuli za familia hawakalishwi meza moja.

Namba ikarekebishwa, mjomba akabofya, na safari hii ilipokea mashine. Mlio mwembamba ukatoka, ukafuatwa na kelele za paka wawili waliofungiwa ndani ya debe. Bibi akashika kifua: "Huyu sasa ndiyo mmemuudhi kweli!" Hakuwa mbali na ukweli, kwani jibu lilikuwa kosa namba 691, jina au neno la siri si sahihi. Hilo lilikuwa jepesi, taa ya herufi kubwa ilikuwa inawaka kwenye kibodi. Paka wakafungiwa upya.

Tukaingia. Pembeni chini kwenye skrini vikatokea vijikompyuta viwili vinavyokonyezana, na mjomba akasoma kasi: 44,000.

"Elfu hamsini na sita ziko wapi?" Baba akauliza.

"Nyingine ziko njiani," akasema mjomba.

Ukweli ni kwamba hazikuwa njiani na hazikuja. Ile 56 ni dari, tena ya kupokea tu, siyo ya kutuma, na inataka waya safi kutoka ukutani kwako mpaka kwenye mitambo ya simu. Ukipata arobaini na kitu, unashukuru na kunyamaza. Tulifungua ukurasa wa kwanza wenye picha ya mtu, na picha za siku zile zilishuka mstari kwa mstari kuanzia juu. Tulikaa na paji lake la uso kwa muda wa kutosha kujadili anafanana na nani. Yalipofika macho, Mama alikuwa ameshakwenda kulala.

Shida iliyobaki ilikuwa ya urafiki. Bibi aliichukua ile bahasha, akaihifadhi pamoja na vitu vyake vya maana, na tangu siku ile kila aliyekaa kwenye kompyuta alipewa salamu ampelekee yule mama. Tulimweleza kwa kila lugha kwamba intaneti ni mashine nyingi zilizounganishwa. Akasema sawa, na yule mama anaishi kwenye ipi? Na kwa kuwa aliamini mama yuko humo humo, hakuona haja ya kupiga namba wakati kompyuta iko hewani. Angeinua tu mkono wa simu, na muunganisho ungekatika.

Sasa wewe unapakua programu ya megabaiti kadhaa. Megabaiti moja kwa kasi ile inapita kidogo dakika tatu hata mambo yakiwa mazuri, na muunganisho ukikatika, mara nyingi unaanza mwanzo. Umefika asilimia tisini na nane. Umeacha hata kugusa kipanya. Kutoka korido unasikia kigoda kikivutwa, mkono wa simu ukiinuliwa, na Bibi akipaza sauti kuishinda ile kelele yote ya modemu sikioni mwake:

"Haloo, mwenzangu? Mbona hivyo, kunanyesha huko?"