Kete inayouzwa langoni mwa kliniki

Muuza unga, yaani heroini, akikamatwa, swali letu la kwanza huwa: kilo ngapi? Sheria ya Tanzania ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 2015, iliyofanyiwa marekebisho 2017, ina adhabu zinazofika kifungo cha maisha, na mizigo mikubwa ndiyo inayojaza magazeti. Mimi naomba tuulize na la pili: alikuwa anauzia wapi?

Tangu hospitali ya Muhimbili ianze kutoa methadone, dawa ya kunywa inayomsaidia mraibu kuacha heroini, mwaka 2011, zikafuata za Mwananyamala na Temeke, waraibu wengi wa Dar es Salaam wamepata pa kuanzia. Lakini tiba yenyewe ni ngumu. Mgonjwa anafika kila siku, anapewa kikombe dirishani, anakunywa muuguzi akimwangalia. Kesho tena. Wapo wanaotoka kulala stendi au chini ya daraja, maana nyumbani walishafukuzwa. Pusha, yule muuzaji wa mtaani, anayajua yote hayo: saa wanayopita, njia wanayopita, na nani yuko wiki ya kwanza, dozi haijamkaa sawa, arosto, maumivu ya kuukosa unga, inamtafuna mifupa. Kazi yake ni kusimama jirani akiwa na kete chache, vifurushi vidogo vya unga, mfukoni. Kwenye mizani hazifiki popote, lakini kete moja inatosha kumrudisha kijana maskani, kijiweni kwa watumiaji.

Ndiyo maana naunga mkono adhabu kali zaidi kwa anayeuza karibu na kliniki hizi, nyumba za upataji nafuu (sober house) na mahali wanapolala wasio na makazi. Kumvizia mgonjwa akiifuata dawa yake ni ukatili.

Ila tujifunze kwa Marekani. Sheria yao ya 1984 iliongeza adhabu ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, kama mita 300. Majimbo yakaiga, na mijini, shule zilikobanana, karibu kila mtaa ukaingia ndani ya mstari. Popote muuzaji atakaposimama adhabu ni ileile, basi kwa nini aondoke langoni? New Jersey ilibadili sheria yake 2010, majaji wakapata nafasi ya kupima kesi mojamoja. Massachusetts ikashusha umbali hadi futi 300 mwaka 2012.

Na kwetu yupo teja, mraibu mwenyewe, anayeuza kete tatu ili apate ya nne, ya kwake. Huyo aingizwe kliniki, asipelekwe gerezani. Polisi wakizoa kila wanayemkuta langoni, wagonjwa nao watakimbia na dozi ya siku itawapita. Mstari uwe mfupi, hata mita 50 zinatosha, hakimu awe na nafasi ya kupima, na upelelezi umfikie anayempa pusha mzigo kila asubuhi.