Faini ya elfu thelathini, nyanya za elfu moja

Naandika kuhusu mifuko ya plastiki, na hasira haijaisha, mtanivumilia.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilipita Uyole, hapa Mbeya, kununua viazi na nyanya. Mama ninayenunua kwake anakaa palepale miaka yote, na jua lake, na vumbi lake, na matope yake ya masika. Nikamwambia ugonile mama, akaitikia, akaanza kunichagulia nyanya za elfu moja. Alipomaliza akaingiza mkono chini ya kiroba alichokalia, akachomoa nailoni moja, ile mifuko ya plastiki, zile laini zinazoonyesha mpaka kikonyo cha nyanya. Nailoni zile hugandamana, kwa hiyo akalamba kidole, akaisugua, akaipuliza ifunguke. Kabla hajatia nyanya ya kwanza wakatokea vijana wawili wenye vitambulisho shingoni.

"Mama, hii nini?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Wakainua kiroba, wakatoa bunda lililobaki, halikuzidi vifuko thelathini. Wakaanza kumsomea faini. Mama akawa anasema tu "wanangu, wanangu," huku ameshika ile nailoni yangu kana kwamba akiiachia ndiyo itamfunga. Muuza ndizi wa jirani akaja kubembeleza, na mimi nikabembeleza. Baada ya kama robo saa vijana wakaondoka na bunda. Na kingine walichoondoka nacho sitakiandika hapa, mnakijua.

Sasa msianze kuniambia sheria ni sheria. Najua. Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, alitangaza katazo bungeni Aprili 2019, na kuanzia 1 Juni mwaka huohuo mifuko ya plastiki ya kubebea ikawa marufuku nchi nzima. Na nitakubali, ingawa leo sina moyo wa kukubali chochote, kwamba marufuku ilikuwa na haki yake. Wanaoikumbuka mitaro ya Mwanjelwa ilivyokuwa imeziba kwa rambo, mvua ikinyesha maji yanaingia madukani, hawawezi kubisha. Ng'ombe walikuwa wanachinjwa tumboni mna furushi la nailoni. Haya, nimekubali. Tuendelee.

Ninachogombana nacho ni ngazi. Kanuni zile za 2019 zimepanga adhabu kama ngazi: anayetengeneza au kuingiza mifuko nchini, faini inaanzia milioni 20 na kufika bilioni 1, au jela. Anayekutwa nao mkononi, elfu 30 mpaka laki 2, au siku zisizozidi 7 ndani. Ukiisoma kwenye karatasi ni ngazi nzuri sana, mzito juu, mwepesi chini. Tatizo ni kwamba wanaotumwa kuipanda wanaanzia kidato cha chini na kuchokea hapohapo. Miaka yote hii nimeona akina mama wa nyanya, vijana wa karanga na wauza dagaa wakinyang'anywa vifuko. Mtu wa milioni 20 sijawahi kumwona, hata kwa mbali, hata amejifunika uso na koti kama wanavyofanya wakipelekwa mahakamani.

Nailoni haioti kama uyoga. Inahitaji mashine, umeme na malighafi, halafu mtu aifunge kwa mabunda, aipakie kwenye gari na kuishusha mahali. Kama haitengenezwi hapa, basi inapita mpakani, na sisi wa nyanda za juu kusini mipaka tunaijua: Tunduma kule, Kasumulu huku. Pale panakaguliwa mpaka begi la mtu anayetoka kumzika shangazi yake. Siku ileile nilimuuliza yule mama vifuko ananunua wapi. Hakutamka. Alinionyesha kwa kidevu. Duka la jumla, ng'ambo ya barabara, hatua kama arobaini, na mlango ulikuwa wazi. Wale vijana walipita mbele yake wakiwa na bunda mkononi.

Tena hii kazi tunaiweza tukitaka. Viroba vya pombe, vile vipakiti vidogo vya pombe kali, vilipigwa marufuku 1 Machi 2017, na jirani yangu mmoja, ambaye alikuwa mteja wao mwaminifu, leo anakunywa kwenye chupa ndogo akilalamikia bei. Hajaacha pombe. Kaacha kiroba, kwa sababu akienda dukani hakipo. Hakuna aliyemfukuza yeye mtaani.

Halafu kuna hii hadithi ya mifuko mbadala. Ile ya rangi, kama kitambaa, ambayo viwango vinataka iwe na uzito wa angalau gramu 70 kwa mita ya mraba. Mnajua imetengenezwa na nini? Polipropilini. Plastiki, ndugu zangu. Imevutwa nyuzi, zikagandishwa pamoja, ikafanana na kitambaa, tukaiita mbadala, tukapongezana. Mimi ninao wa miaka miwili nyumbani, umeanza kupukutika vinyuzi vyeupe kwenye unga. Ni bora kuliko rambo? Ni bora, maana unatumika tena na hauruki na upepo mpaka kwenye nyaya za umeme. Lakini mfuko mkubwa wa aina hiyo unauzwa mia tano, nyanya zenyewe elfu moja. Nani analipa? Mteja anasema "mama, niongezee na mfuko." Mama akikataa, mteja anahamia meza ya pili. Nimefanya hivyo mwenyewe, tena si mara moja.

Chipsi sasa. Pale ninapokula jioni, chipsi kuku zinawekwa kwenye tekiawei, kile kiboksi cheupe cha povu, mafuta yanachemka mpaka povu linasinyaa pembeni na kutoa harufu. Hicho kanuni za 2019 hazikukigusa, kwa kuwa zenyewe zilizungumzia mifuko ya kubebea. Kwa hiyo kijana wa chipsi anakaa na boksi mia mbili za povu bila wasiwasi, ila anatetemeka kwa kifuko cha kachumbari. Mtu akinieleza mantiki yake nitamnunulia hiyo chipsi. Na sisemi povu lipigwe marufuku kesho asubuhi, maana najua atakayenyang'anywa ni nani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hapa kwetu karatasi ipo. Nenda Mufindi. Msitu wa Sao Hill ndio shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini, misonobari mpaka macho yanachoka, na kiwanda cha karatasi kipo wilaya hiyohiyo, Mgololo. Karatasi ngumu za kaki zinatoka hapo. Ila mfuko wa kaki wa kutia nusu kilo ya njegere, wa bei ambayo mama wa Uyole anaweza kuumeza, sijauona mezani kwake. Anafungia njegere kwenye gazeti la uchaguzi uliopita, mgombea anatabasamu katikati ya maganda.

Na kuna wale wa "turudi kwenye asili, majani ya mgomba." Nimekulia Tukuyu. Nimetumwa nyama bucha, ikafungwa kwenye jani la mgomba kwa kamba ya mgomba, na nimetembea nayo kilomita mbili damu ikinitiririka mguuni na mbwa watatu nyuma yangu. Asili hiyo mniachie.

Jumamosi hii nilirudi Uyole na kikapu, kile cha milulu cha Iringa ambacho mke wangu alikuwa ametundika ukutani kama pambo. Mama akacheka mpaka akashika kiuno. "Leo umekuja kama bibi yako." Akanipimia viazi, akavimwaga humo, nyanya juu. Nikajiona raia mwema kweli. Nikaomba na dagaa wa Kyela, kisado kimoja.

Akakiangalia kikapu, akaniangalia mimi. "Hawa watavunda na nyanya zako, baba."

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaingiza mkono chini ya kiroba. Nilisikia ile sauti ya nailoni ikifunguka.

Niliipokea.