Tunachokosa kwenye roki ya leo ni bendi

Kila Idi mjomba wangu anapokuja kutoka Tanga, ubishi wetu ni ule ule. Miaka ya sabini alikuwa baharia. Alishuka Hamburg, Liverpool na Rotterdam, akarudi na santuri ambazo bibi yangu hakutaka hata kuziona sebuleni: Black Sabbath, Led Zeppelin, Deep Purple. Kwake yeye muziki wa roki uliishia mwaka 1980, John Bonham alipofariki na wenzake wa Led Zeppelin wakaona hawawezi kuendelea na mpiga dramu mwingine. Yaliyofuata anayaita makelele ya watoto.

Idi iliyopita binti yangu, ana miaka kumi na sita, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Babu, za siku hizi hujazisikiliza." Mjomba akaweka kikombe chini. "Nimezisikiliza, mjukuu wangu. Nasikia mashine, watu siwasikii."

Jibu lile limenikaa kichwani mpaka leo. Naamini mjomba amekosea kuhusu muziki na amepatia kuhusu watu, na mambo hayo mawili tunayachanganya kila tunapobishana kama roki imeshuka.

Kwenye kosa lake sitakaa sana. Miaka hamsini imeshampepetea. Makapi yamepeperuka, ungo umebaki na mchele mtupu, na mchele huo ndio anaoulinganisha na gunia zima la leo ambalo hakuna aliyelipepeta. Mwaka 1969 ni mwaka wa tamasha kubwa la Woodstock, mwaka ambao wazee wa roki wanautaja kwa heshima. Lakini kwenye hesabu za mwaka za jarida la Billboard, wimbo ulioshika namba moja Marekani ulikuwa "Sugar, Sugar" wa The Archies, bendi ya vikaragosi vya televisheni iliyoimbiwa na waimbaji wa kukodi studio. Miaka miwili kabla ya hapo, santuri ya Beatles yenye "Penny Lane" upande mmoja na "Strawberry Fields Forever" upande wa pili ilikwama namba mbili kule Uingereza, kwa sababu Engelbert Humperdinck alikuwa ameikalia namba moja na wimbo wake wa mapenzi. Hata wakati huo, redio haikuwa gitaa la Jimi Hendrix asubuhi mpaka jioni.

Wengine huleta hesabu za mwaka 2017 za Nielsen, kampuni inayopima soko la muziki, hip hop na R&B zilipoipita roki kwa ukubwa wa soko Marekani. Ni kweli, ila hiyo ni habari ya soko. Taarabu haikuwa mbaya siku Bongo Fleva ilipoizidi redioni.

Sasa nije pale mjomba alipopatia, na nitaanzia Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza.

Tony Iommi, ambaye baadaye angekuwa mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikuwa na miaka 17, kibarua kwenye kiwanda cha mabati. Ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Alikuwa anaacha ili akapige muziki. Siku hiyo hiyo mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Na kwa kuwa yeye anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, huo wa kulia ndio unaobana nyuzi. Msimamizi wake kazini akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua mkono na bado akawashinda wenye vidole vyote. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivisha ngozi aliyoikata kwenye jaketi. Nyuzi za kawaida zilimuumiza, akatafuta nyembamba zaidi, na baadaye akazilegeza ili zibanike kwa urahisi. Ule mngurumo mzito ambao leo unaitwa hevi metali, na ambao vijana wa dunia nzima wanautafuta kwa amplifaya za bei mbaya, sehemu yake kubwa inatoka kwenye kidonda hicho.

Ila kidonda peke yake hakifanyi muziki. Kilichofanya muziki ni wenzake watatu wa Black Sabbath, wote vijana wa mtaa wa Aston kama yeye. Geezer Butler alikuwa mpiga gitaa la rithim, akahamia kwenye besi na kuufuata mstari wa Iommi kama kivuli. Bill Ward alikulia kwenye jazi, kwa hiyo dramu zake zinayumba kidogo pale ambapo mwingine angepiga kama askari wa gwaride. Ozzy Osbourne akaimba juu ya mzigo huo kwa sauti kama ya mtu anayeita msaada. Oktoba 1969 wakaingia studio wakarekodi albamu yao ya kwanza kwa siku moja tu, kwa kupiga walivyokuwa wakipiga ukumbini. Ikatoka tarehe 13 Februari 1970.

Watu wanne wamejipanga kukizunguka kidonda cha mmoja wao. Hiyo ndiyo bendi ninayoizungumzia, na ndiyo ambayo mjomba anaitafuta kwenye nyimbo za leo bila kuiona.

Beatles nao walipitia njia hiyo. Kati ya mwaka 1960 na 1962 walipiga kwenye vilabu vya Hamburg, saa nyingi kila usiku, mbele ya mabaharia walevi wasiowajali. Tarehe 11 Februari 1963 walipoingia studio ya Abbey Road, walirekodi nyimbo kumi kwa siku moja, na wa mwisho John Lennon aliuimba koo likiwa limeshakwisha kwa mafua. Hawakuwa na miujiza. Walikuwa wameshapigishana mpaka kila mmoja anajua mwenzake atavuta pumzi wapi.

Na hapa niseme jambo kuhusu Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, kwa sababu sisi wa pwani tukimtaja huwa tunamtaja peke yake. Ni mtoto wa Unguja kweli, kazaliwa mwaka 1946, na familia yake ikaondoka mwaka 1964 baada ya mapinduzi. Tunajivunia sauti. Lakini Queen ilikuwa na watu wanne wale wale tangu John Deacon alipoingia mwaka 1971 mpaka Freddie alipofariki mwaka 1991, miaka ishirini bila kubadilisha hata mmoja, na kila mmoja wao alitunga vibao. Mwaka 1985 Freddie alitoa albamu yake mwenyewe. Mwaka huo huo, tarehe 13 Julai, alipanda jukwaa la Wembley kwenye tamasha la Live Aid na wenzake watatu. Sote tunajua ni kipi kati ya hivyo viwili kinachokumbukwa.

Nimewahi kuwa na bendi. Mwaka 2004, watu wanne, chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi Kinondoni. Tulipanga mifuko ya saruji ukutani ili majirani wasilalamike, na ukipiga dramu kwa nguvu vumbi jeupe linashuka taratibu kwenye mwanga wa balbu. Mpiga dramu wetu alikuwa na tatizo moja: tukifika kwenye kiitikio, anachelewa. Si sana, kidogo tu, kila mara. Tulimgombeza miezi mitatu. Kisha jioni moja mpiga besi, bila kumwambia mtu, akaanza kumsubiri. Na mimi kwenye gitaa nikajikuta nabaki nyuma nao. Wimbo ukapata mwendo wa mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji kichwani. Tuliacha kupiga, tukatazamana, hakuna aliyesema neno. Ulikuwa wetu. Hakuna bendi nyingine Dar es Salaam ingeweza kuupiga vile.

Mwaka uliofuata mwenye chumba akakihitaji kwa ajili ya mali yake. Tukachanga fedha, tukaenda studio kurekodi kabla hatujatawanyika. Prodyuza alikuwa kijana mzuri, mwenye bidii. Akaziweka dramu zetu kwenye kompyuta, akazisogeza moja moja mpaka zikanyooka kwenye mstari, akatuita tusikilize huku akitabasamu. Kila kitu kilikuwa sahihi. Mpiga dramu wetu alisikiliza mara moja, akatoka nje kuvuta hewa, na sikumuona tena na vijiti mkononi.

Ndiyo maana mjomba aliposema "mashine" nilinyamaza. Rekodi nyingi za roki za leo zimenyooshwa hivyo: dramu zimesogezwa, sauti imerekebishwa, gitaa limepitishwa kwenye programu inayoiga amplifaya. Kasoro ikishaondolewa, hakuna anayelazimika kumsubiri mwenzake. Na kusubiriana ndiko kulikokuwa kunazaa mtindo.

Mtu aliyekulia kwenye muziki wa dansi hahitaji kuelezwa neno mtindo. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilipounda bendi yake, ile ya mtindo wa Msondo, mwaka 1964, wanamuziki walikuwa waajiriwa, wana mshahara wa mwezi, vyombo ni vya bendi, na mazoezi ni kazi kama kazi nyingine. Bendi ya Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 ikaja na mtindo wake, Sikinde. Msondo na Sikinde, shabiki anazitambua kwa magitaa kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Tofauti hiyo ililelewa na miaka ya watu wale wale kukaa chumba kimoja huku kuna anayelipa kodi ya chumba. Mashirika yalipojitoa na kumbi zikageukia muziki wa kuchezesha kwenye sahani, vipaji havikwenda popote. Vyumba ndivyo vilivyokwenda.

Uingereza nako hali ni hiyo hiyo. Mwaka 2023 peke yake, kumbi ndogo 125 zilifungwa au ziliacha muziki wa jukwaani. Hizo ndizo Hamburg za leo. Kijana wa London mwenye gitaa leo anapanga chumba kwa bei ambayo vijana wa Aston wasingeiamini, na kupanga chumba cha pili kwa ajili ya dramu hawezi. Kwa hiyo anakaa kitandani na kompyuta ya mapajani, anapiga vyombo vyote mwenyewe, anapakia wimbo mtandaoni usiku huo huo. Anaweza kuwa na kipaji kuliko Iommi. Hana Geezer.

Lakini palipo na kumsubiri mwenzako, roki ipo hai kabisa, na ajabu ni kwamba baadhi ya iliyo hai kuliko zote iko kwenye bara letu. Ibrahim Ag Alhabib wa bendi ya Tinariwen, mtoto wa Kituareg kutoka Mali, alitengeneza gitaa lake la kwanza kwa kopo, fimbo na waya wa breki za baiskeli. Miaka mingi baadaye Mdou Moctar kule Niger akafanya vivyo hivyo, naye nyuzi zake za kwanza zilikuwa nyaya za baiskeli, na yeye pia ni wa mkono wa kushoto. Watuareg hawana vilabu vya Hamburg, wana harusi. Kwenye harusi gitaa linapigwa mpaka usiku mkubwa, watu wanacheza, ukikosea wanakaa chini, ukipatia wanasimama tena. Albamu ya Mdou Moctar ya mwaka 2021, Afrique Victime, ndiyo niliyomwekea mjomba Idi ile ile. Alisikiliza solo ya gitaa mpaka ikaisha. Akauliza wanaopiga ni wangapi. Nikamwambia wanne. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari ya ndugu aliyepotea.

Tena nimwambie ukweli msomaji: huyu huyu Mdou Moctar alianza kujulikana kwa nyimbo zenye sauti iliyopitishwa kwenye mashine ya kurekebisha, zikasambaa Sahara kwa kadi za simu, mkono kwa mkono. Mashine haikumuharibu, kwa sababu alikuwa na watu wa kurudi kupiga nao. Nikikumbuka yule prodyuza wetu, siwezi tena kuilaumu kompyuta yake. Tulishapoteza chumba kabla hatujafika kwake.

Jioni, wageni wengine walipoondoka, tulitazama kwenye simu ya binti yangu picha za tarehe 5 Julai 2025, uwanja wa Villa Park pale Birmingham, mwendo mfupi tu kutoka mitaa waliyokulia Iommi na wenzake. Black Sabbath wale wanne wa mwanzo, wazee wa miaka sabini na kitu, wanapiga pamoja kwa mara ya mwisho. Ozzy amekaa kwenye kiti, miguu haimbebi tena. Bill Ward nyuma ya dramu, jasho linamtiririka. Wiki mbili na siku chache baadaye Ozzy alifariki. Mjomba hakusema lolote juu ya watoto na makelele yao. Aliirudisha simu kwa mwenyewe kwa mikono miwili.

Binti yangu ndiye aliyevunja ukimya. Akasema yeye na wenzake watatu wa shule wanataka kuanza kupiga, gitaa wanalo moja, la pili wataazima.

"Mpiga dramu mnaye?" mjomba akauliza.

"Tunaye, Babu. Lakini mzito, kila saa anachelewa."

Mjomba akanitazama mimi. Hadithi ya Kinondoni anaijua. Kisha akamgeukia mjukuu wake akamuuliza watafanyia wapi mazoezi.

Stoo ya nyuma nimeshaimaliza kuitoa vitu. Magodoro mawili ya zamani nimeyaegemeza ukutani upande wa majirani, na wanaanza Jumamosi baada ya adhuhuri.