Lupango, jembe na rozari

Katikati ya lupango yetu, yaani kiwanja cha nyumbani, kuna kichuguu kinachozidi jiko kwa ukubwa. Mwaka juzi mafundi walitaka kukivunja wafyatue matofali. Mama mkwe alipanda juu yake, akaketi, akagoma kushuka. Leo kimefunikwa na maboga na lengalenga, mchicha wetu.

Tangu niache ofisi nishike jembe, watu hapa Lubumbashi wananiambia nimerudia maisha ya mababu. Yapi hayo? Babu yangu alikuwa mtu wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba. Mji huu ulizaliwa 1910 kwa ajili ya shaba, na wengi wetu tulikuzwa na posho: unga uliopimwa kambini, gunia kwa gunia. Miaka ya 1990 Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, ikaporomoka. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka katika mpango ulioitwa wa hiari (hiari gani, waulize wenyewe), nyumba nyingi zilimtegemea mama mwenye shamba la mahindi. Kwetu posho ndiyo mila. Jembe ndilo geni.

Kwa hiyo sinunui mahubiri ya intaneti, ya mwanamke mwenye gauni refu anayekanda unga huku anatabasamu, na anayemchotea maji haonekani. Wala yale ya mtaani: funga siku tatu, bukari (ugali) itakufuata mezani. Mwanzo 2:15 inasema mtu aliwekwa bustanini “ailime na kuitunza”. Angalieni vizuri: kazi ilitangulia dhambi. Watawa Wabenedikto waliohubiri Injili hapa Katanga walikuja na kanuni ya sala na kazi, vyote viwili.

Mimi nilijaribu kimoja. Oktoba iliyopita kideri kiliingia bandani: kinyesi cha kijani, shingo zimepinda, na katika juma moja kuku 26 wakabaki 3. Nilikuwa nimesali rozari kila jioni. Chanjo sikuwa nimechanja. Padre alinisikiliza hadi mwisho, akanipa pole, kisha akanipa namba ya daktari wa mifugo.

Udongo nao si malaika. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta shaba, kadimi na risasi katika mashamba ya mboga ya mji huu, hasa kule upepo ulikopeleka moshi wa kiwanda cha shaba miaka nenda miaka rudi. Anayetaka kuanza aulize kwanza moshi ulielekea wapi, ndipo anunue mbegu.

Mahindi yangu yananifikisha Agosti. Baada ya hapo napanga foleni sokoni kama wengine, tukisikiliza kama Zambia imefunga mpaka, maana bei ya unga hapa inapimwa Kasumbalesa, mpakani.

Na Jumapili hatulimi, hata mvua ya Novemba ikiwa imenyesha usiku kucha na jirani ameshamaliza mistari mitano. Mwaka jana nilijaribu kutoka na jembe kimyakimya baada ya misa. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya kichuguu.